Mficha Maradhi Kifo Humuumbua

  Mlezi wa chama aliponitaka niandike makala ya maelezo kwa ajili ya jarida la mwaka huu, niliazimia kueleza jinsi ngalawa inavyoundwa, kwa kuwa babu yangu alikuwa fundi. Nilikwisha andika kurasa mbili, halafu nikazichana. Ngalawa itangoja mwaka ujao. Kuna jambo ambalo sisi wa nyumbani kwetu tulilificha kwa miaka mitatu, na najua humu shuleni si mimi peke yangu niliyelificha. Jambo lenyewe ni unga.

Kaka yangu mkubwa ni mraibu wa heroini. Huku kwetu Mombasa mtu kama yeye huitwa teja. Amenipa ruhusa niandike haya, mradi nisimtaje jina. Lakini makala haya hayamhusu yeye sana. Yanatuhusu sisi tuliobaki nyumbani, na kikundi cha akina mama wa mtaani kilichotushika mkono tulipokuwa tunazama. Nataka kueleza kikundi cha namna hiyo kinafanyaje kazi, maana wengi hudhani ni porojo na chai tu.

UNGA ULIFIKAJE KWETU?

Heroini hutengenezwa kutokana na utomvu wa mmea wa afyuni. Utomvu huo ndio uitwao kasumba. Sisi wanachama tumezoea kulisikia neno hilo katika maneno kama "kasumba ya kikoloni", yaani mawazo mabaya yaliyomganda mtu akilini. Kumbe asili yake ni dawa ya kulevya! Hata neno "uraibu" lenyewe wazee wetu walilitumia kwa mambo madogo kama tambuu na tumbaku. Leo limebeba mzigo mzito zaidi.

Heroini nyingi iliyopita katika Bahari ya Hindi ilitoka Afghanistan, ikapakiwa majahazini katika pwani za Iran na Pakistan, kisha ikaletwa kusini. Mnamo Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata jahazi moja nje ya pwani ya Kenya likiwa na zaidi ya tani moja ya heroini. Mzigo kama huo aghalabu huwa unapita tu kwenda nchi za mbali, lakini gunia likipitishwa mlangoni halikosi kumwaga punje. Tangu miaka ya 1980 punje hizo zimekuwa zikimwagika Mombasa, Malindi, Lamu na miji mingine ya mwambao. Vijana wakaziokota. Unga ukawa unauzwa kwa kete, na maskani zikazaliwa nyuma ya nyumba za watu.

Wenzangu wa bara msicheke. Kwenu kuna chang'aa na vileo vilivyotiwa sumu. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu mia moja walifariki Nairobi baada ya kunywa pombe yenye methanoli, na wengine wakapofuka. Mwezi Mei 2014 maafa kama hayo yakazikumba Embu, Kitui na kwingineko. Dawa hutofautiana, lakini nyumba zinazolia ni zile zile.

UGONJWA WA NYUMBA NZIMA

Mtu anapotumia unga kwa muda, ubongo wake huzoea hata ukashindwa kutulia bila huo unga. Akiukosa kwa saa chache hushikwa na arosto: kamasi na machozi humtiririka, mifupa huuma, tumbo huharisha, mwili hutetemeka kwa baridi hali jua linawaka. Hapo ndipo huiba. Simsemei kaka, wizi ni wizi. Nasema tu kwamba wakati ule haibi ili astarehe, anaiba ili maumivu yakome.

Nyumbani kwetu kwanza ilipotea redio, kisha mtungi wa gesi, kisha cherehani ya mama. Cherehani ile ndiyo iliyotulisha na kutulipia karo. Jirani alipouliza mbona hausikiki tena mlio wa cherehani, mama akajibu, "Nimeipeleka kwa fundi." Nilikuwepo, nikamtazama. Mama yangu hasemi uongo. Siku hiyo nilijua kwamba ugonjwa umekwisha mwingia na yeye.

Baadaye nilipowasikiliza akina mama wengine nilitambua kwamba karibu nyumba zote hupitia ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni kuficha. Wageni hawakaribishwi, harusi haziendewi, kwa kuhofia kuulizwa. Ngazi ya pili ni kulipa. Wazazi hulipa madeni ya mtoto, hukomboa vitu alivyouza, humtoa kituoni, na kila wanapolipa humpunguzia yeye uzito na kuuongeza kwao. Ngazi ya tatu ni kulaumiana. Baba alimwambia mama kwamba alimdekeza. Mama akamwambia baba kwamba hakuwepo. Mimi na dada zangu tulikuwa tunasikia yote kupitia ukutani, na kesho yake tunakuja shule na sare safi kama watu wasio na neno.

KIKUNDI CHA MKEKANI

Kikundi cha mtaani kwetu, upande wa Kisauni, hakikuanzishwa na serikali wala na mfadhili. Kilianzishwa na wanawake watano waliojuana kwenye benchi la kituo cha polisi, kila mmoja amempelekea mwanawe chakula. Walikuwa wakisalimiana kwa kuinamisha macho, hadi siku moja mmoja wao akasema, "Jamani, si sote tumefuata jambo moja hapa? Tunaoneana haya ya nini?" Jumamosi iliyofuata wakakutana kwake. Leo ni kama ishirini na watano, Waislamu na Wakristo, na wapo wanaume wanne.

Mama yangu alipelekwa huko na muuza mboga. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaniambia, "Twende wote, nikishindwa kuingia utanirudisha." Tulipofika mlangoni nikaamkia, "Shikamooni." Bibi mmoja mzee, ambaye ndiye mwenyekiti, akaitikia, "Marahaba, wanangu. Karibuni mkekani. Hapa hakuna mgeni." Mama akaketi, akalia muda mrefu. Hakuna aliyemwambia nyamaza.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Mkutano huwa kila Jumamosi baada ya alasiri. Hufunguliwa kwa dua na sala, kila mmoja kwa dini yake. Kisha kila mtu hupewa nafasi aseme wiki yake ilikuwaje. Anaposema hakatizwi. Akimaliza hapewi ushauri ila akiuomba mwenyewe. Anayetaka kunyamaza hunyamaza. Na yaliyosemwa mkekani hubaki mkekani. Mama mmoja aliwahi kuyatoa nje, akaambiwa apumzike miezi mitatu kabla ya kurudi. Sheria hiyo ndiyo nguzo ya kikundi, kwani pasipo siri hakuna atakayefungua kinywa.

Baada ya maongezi huja mchango. Kila mtu hutoa shilingi 50, asiyekuwa nazo husamehewa. Fedha hizo hazipewi mraibu hata siku moja. Hutumika kwa nauli ya kwenda kliniki, kwa karo na madaftari ya watoto ambao fedha zao zimeibwa, na kwa mazishi. Ndiyo, kwa mazishi. Tangu tuingie tumezika wawili.

Halafu kuna mambo wanayofundishana, ambayo nimeyaandika daftarini mwangu:

Kwanza, mpe chakula, usimpe fedha. Sahani yake iwepo kila siku, hata akija usiku wa manane. Lakini shilingi ya nauli mkabidhi kondakta mwenyewe, au umsindikize.

Pili, usimpige, wala usikubali kupigwa. Akija na vurugu, toka nje uite watu. Kikundi kina majirani walioafikiana kufika mara moja wakiitwa.

Tatu, usilipe deni la unga. Hili ni gumu kuliko yote, maana wenye deni huja na vitisho. Kikundi humsindikiza mzazi kwa chifu au kwa wazee wa mtaa, ili asikabili peke yake.

Nne, hukuuleta ugonjwa huu wala huwezi kuuponya kwa machozi yako. Fanya lililo lako, lala usingizi.

Hilo la mwisho lina historia ndefu. Mwaka wa 1935, katika mji wa Akron nchini Marekani, walevi wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith, walianza kukutana ili wasaidiane kuacha pombe. Wake waliokuwa wakiwasindikiza waume zao wakaona na wao wana lao la kusema. Mwaka wa 1951 Lois, mke wa Wilson, na mwenzake wakaviunganisha vikundi vya jamaa za walevi vikawa chama kimoja, Al-Anon. Na mwaka wa 1957 huko California kijana mmoja, mtoto wa wazazi waliokuwa katika vikundi hivyo, akaanzisha kikundi cha vijana wenzake. Kijana kama mimi na wewe! Akina mama wetu hawakusoma habari hizo kokote. Walifika mahali pale pale kwa kupitia benchi la polisi.

Hata huku kwetu mambo haya si mageni. Mradi wa Omari wa Malindi ulianza kuwahudumia waraibu mwaka wa 1995, na hapa Mombasa jumuiya ya Kiislamu ya MEWA ina kituo cha kuwatibu. Jirani zetu wa Zanzibar walifungua nyumba za nafuu kuanzia 2009, ambamo walioacha unga huishi pamoja na kuangaliana.

KOSA TULILOLIFANYA

Kabla ya kujiunga, sisi tulijaribu dawa yetu wenyewe. Baba na mjomba walimfungia kaka chumbani siku sita. Tulimsikia akigonga ukuta usiku kucha. Siku ya saba tukamfungulia, amekonda lakini macho yamekuwa safi. Tukashukuru, mama akapika pilau. Jioni hiyo hiyo akatoka, na usiku akaokotwa hajitambui, midomo imegeuka rangi, pumzi ni za kuhesabu. Mungu alimnusuru, alifikishwa hospitalini akiwa hai.

Muuguzi aliyekuja kuzungumza na kikundi ndiye aliyetueleza sababu. Mtu akikaa siku kadhaa bila unga, mwili husahau. Akirudia kipimo chake cha zamani, kipimo hicho sasa ni kikubwa mno, na pumzi husimama. Kwa hivyo wakati wa hatari kubwa ni pale anapotoka kifungoni, jela au hata kituo cha matibabu, wakati ambapo nyumbani ndipo watu wanaposherehekea. Akikutwa hivyo, mlaze ubavu, usimwache peke yake, mkimbize hospitali. Kuna dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi ikiwahi.

Muuguzi akaongeza jambo ambalo wenzangu wa bara walishike. Mlevi wa pombe aliyekunywa kwa miaka mingi msimkatishe ghafla na kumfungia. Anaweza kupatwa na kifafa, akaona vitu visivyokuwepo, hata akafa. Huyo aachishwe chini ya uangalizi wa daktari. Nilipolisikia hilo nilimtazama baba. Baba alikuwa ameinamisha kichwa.

DAWA YA KILA SIKU

Mwishoni mwa 2014 serikali ilianza kutoa dawa ya methadoni katika hospitali ya Mathari, Nairobi. Mwaka uliofuata huduma ikafika Malindi, na baadaye Kisauni, Kombani na kwingine. Methadoni ni dawa ya maji. Mraibu huenda kliniki kila siku, hunywa mbele ya mhudumu, halipi chochote. Humzuilia arosto kwa siku nzima bila kumlevya kama unga, ikiwa kipimo ni sawa. Na kwa kuwa si sindano, humwepusha na maradhi yanayotokana na kuchangia sindano, kama Ukimwi na homa ya ini.

Mkekani jambo hili lilizua ubishi mkubwa. Mzee mmoja alisema, "Mnamtoa mtoto kwenye unga wa mitaani, mnamtia kwenye unga wa serikali. Hapo mmefanya nini?" Watu wakanyamaza, kwa sababu swali lilikuwa la maana. Ndipo mwenyekiti akajibu, "Baba, mimi nina sukari. Najidunga sindano kila asubuhi, na nisipojidunga nitakufa. Mbona huniiti teja?" Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, lakini hakukubali.

Nami nakiri kwamba mzee hakukosea kabisa. Methadoni ni ya jamii moja na heroini, na mtu hawezi kuiacha ghafla. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi au miaka, na wengine huendelea nayo muda mrefu sana. Tofauti ni kwamba anayeinywa haamki akitafuta cha kuiba. Anaweza kufanya kazi na kula na watu. Kaka sasa husaidia kupakua saruji dukani, halafu huja na mkate jioni. Mkate wenyewe ni wa kawaida tu, lakini dada yangu mdogo alikataa kuula siku ya kwanza, akataka auweke.

Kwenda kila siku ndiyo kazi. Mvua inyeshe, mtu augue, nauli ikosekane, kliniki ni kila siku. Hapo ndipo penye nafasi ya kikundi. Serikali inatoa dawa, lakini serikali haiji kumwamsha kaka saa kumi na mbili. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake, huduma za mitaani zilizoitegemea zilitikisika. Mkeka wetu haukutikisika, kwa kuwa haukuwa na mfadhili wa kuondoka.

MAPUNGUFU

Nisiwadanganye kwamba kikundi ni pepo. Wanaume ni wachache, wengi huona aibu kukaa mkekani na wanawake. Baba yangu amehudhuria mara tatu tu. Tena wazazi wa mabinti waraibu hawaji. Mabinti wapo, tunawaona maskani, lakini aibu yao ni mara mbili, na nyumba zao hufunga milango kwa makomeo mawili. Mwenyekiti husema hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Na wako ambao kikundi hakikuwafaa kwa lolote. Mama mmoja alifuata kila sheria niliyoiandika hapo juu, na mwanawe akafa. Jumamosi ya pili baada ya maziko alikuja kama kawaida, akaketi, akasema, "Nimekuja kwa sababu hapa ndipo pekee ninapoweza kulitaja jina lake bila mtu kuniambia afadhali amekwenda." Sikuyaandika daftarini maneno hayo. Sikuhitaji kuyaandika.

Kaka yangu naye hajapona. Leo ninapoandika ametimiza mwezi wa tisa akinywa dawa, na katikati ameteleza mara mbili. Mama bado anafunga kabati kwa kufuli. Kaka anajua, wala hanuni. Cherehani haikurudi, lakini kikundi kilimkopesha mama fedha za kununua nyingine iliyotumika, na anailipa kidogo kidogo. Jirani akisikia mlio siku hizi huuliza habari za kaka, na mama humjibu kweli.

WITO WANGU

Mwanafunzi mwenzangu, huenda unasoma haya na moyo unakudunda kwa sababu kwenu kuna baba, mjomba au dada wa namna hii. Nilidhani mimi ndimi wa pekee katika shule hii. Nilipomweleza mwalimu wa ushauri nasaha, aliniambia nilikuwa mtu wa sita muhula huo. Wa sita! Tulikuwa tukipangana mstarini kila asubuhi, kila mmoja na siri yake ile ile.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Walimu wetu, tunaomba darasa moja tupu baada ya masomo, siku moja kwa wiki, tukae kama wanavyokaa akina mama: asiyetaka kusema asiseme, na ya darasani yabaki darasani. Nanyi wenzangu, mwone mwalimu, au mmoja wa wahudumu wa afya wa mtaani kwenu, au mpige simu ya bure ya NACADA, nambari 1192. Huulizwi wewe ni mtoto wa nani.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulificha miaka mitatu, na kifo kilifika mlangoni kikapiga hodi.  Majaliwa mwakani tutaonana kwenye ngalawa.